Vidonge vya Njano vya Bi Biasha

Bi Biasha wa Mchinga, pwani ya Lindi, alikuwa na miaka sitini na tisa mwanawe alipotia kufuli kwenye mlango wa chumba chake. Kufuli lilikuwa kwa nje.

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumzuia kwenda popote. Tangu usichana wake alishuka mwambani kila maji yalipokupwa sana, akachokoa pweza kwa fimbo ya chuma, na nusu ya wanawake wa mtaa ule yeye ndiye aliyewafundisha kazi hiyo. Mumewe alipofariki, usingizi ukamtoka, na mwili ukawa unamwasha. Kwenye duka la dawa akapewa vidonge vidogo vya njano, vile vya mafua na mwasho, akaambiwa ameze kimoja jioni. Akalala. Kesho yake akameza tena. Ikapita miaka tisa. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, na hakuna aliyeona ajabu. Dawa yenyewe hata watoto wenye mafua hupewa.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Alisahau chungu motoni, akasahau idadi ya rakaa, akawa anamwita mkwewe Nusaiba kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu siku moja saa nne asubuhi akakutwa amekaa katikati ya lami, kwenye barabara ya Lindi, hajui kwao ni wapi. Lori lilisimama hatua chache tu kutoka magotini pake.

Jioni ile ile mwanawe Saad, mume wa Nusaiba, fundi seremala aliyefanya kazi Lindi mjini, akaja na vifaa vyake.

"Ni uzee, mama," alisema huku akipigilia misumari. "Bora nikufungie kuliko nikuzike."

Nusaiba ndiye aliyeshika ufunguo. Hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia kwa chakula, kwa choo na kwa udhu, kisha akafunga tena akaenda shambani. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo nne. Wanawake walipopita na ndoo zao kwenda mwambani, Bi Biasha alizishika nondo akawasalimu, nao waliitikia bila kupunguza mwendo.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba kuna saa akili yake ilitulia kabisa, akajua yuko wapi na kwa nini. Saa hizo aliupiga mlango kwa viganja.

"Nifungulie mwanangu, leo nina akili zangu!"

"Hata jana ulisema hivyo hivyo, mama," Nusaiba akajibu.

Bi Biasha aliishusha mikono. Hakukumbuka kama jana alisema.

Akakaa hivyo karibu miaka miwili, mpaka walipokuja watafiti kupima kumbukumbu za wazee wa pwani. Aliyeingia chumbani kwake ni daktari mmoja aitwaye Flora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitoa?"

Flora alimgeukia Nusaiba akauliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Hana dawa," Nusaiba akasema. "Ni vile vya kulalia tu."

"Hebu nivione."

Flora alivimwaga mkekani, akauliza ni vingapi kwa siku, na tangu lini. Alipojibiwa alivikusanya kiganjani.

"Utafiti wa miaka ya karibuni umeona kwamba watu wazima wanaomeza dawa za namna hii kila siku, kwa miaka mingi, wengi wao hupungukiwa na kumbukumbu. Siwezi kuapa kwamba kwa bibi ndiyo sababu. Lakini tumpunguzie taratibu, tuone."

Saad alipopigiwa simu alikataa. "Asipolala atavunja mlango, daktari!"

"Basi tukiacha hivi, utamfungia mpaka lini?" Flora akauliza. Mwishowe Saad akakubali.

Wakaanza kumpunguzia nusu kidonge kila baada ya wiki mbili. Zilikuwa siku mbaya. Alijikuna mpaka akatoka damu, akalia kwa kukosa usingizi, akamtukana Nusaiba matusi ambayo hayakuwahi kumtoka kinywani. Kufuli likabaki pale pale.

Mwezi wa tatu tangu waanze, asubuhi moja, Nusaiba alimletea uji. Bi Biasha akaonja, akaweka kikombe chini.

"Nusaiba, umetia chumvi badala ya sukari. Una mawazo gani?"

Nusaiba alisimama akimtazama. Zaidi ya mwaka mzima hajaitwa kwa jina lake. Akatoka, akauacha mlango wazi, wala hakumwuliza mumewe.

Siku ya kwanza ya kutoka, Bi Biasha alikwenda taratibu mpaka nyumba ya tatu, kwa rafiki yake Sada. Akapiga hodi. Akatoka binti wa Sada, Hamida.

"Mama yako yuko wapi? Mwambie nimekuja."

Hamida alimtazama Nusaiba, aliyekuwa amemfuata Bi Biasha kwa nyuma.

"Mama alishafariki, Bi Biasha. Mwaka jana. Uliletwa matangani, ukakaa pale ukumbini siku nzima."

Bi Biasha alitazama pale ukumbini, akatafuta kichwani mwake, asipate kitu. Flora alikuwa amewaonya: kuna mengine hayatarudi.

"Nililia?" akauliza.

"Ulilia sana."

Akakaa chini kizingitini, akajifunika uso kwa kanga, akaanza kumlilia Sada upya.