Gauni la Kimeu na Mama wa Rasoa

Kosa langu lilikuwa kusema "hata mimi naweza", tena nilisema nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, na chai yangu mwenyewe mkononi, mahali ambapo mtu mwenye akili angenyamaza tu. Mpaka leo naona haya, lakini mmeniomba nisimulie, basi chekeni mmalize.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani, nakaa mtaa wa Jamhuri, na jirani yangu alikuwa Kimeu, fundi wa nguo, ambaye wikendi alivaa gauni na wigi akawaigiza wale mastaa wa kike wa sinema za zamani za Hollywood kwenye klabu moja mjini. Kimeu alikuwa anatokea polepole, anageuza shingo, anashusha kope kama anayemkumbuka mwanamume aliyemkosea, na wanaume wazima wanasahau chupa zao mezani. (Mimi sikuwa mtu wa klabu, nilikuwa mtu wa redio na viazi vya kuchemsha, lakini picha za wale mabibi nilizikata magazetini nikabandika ukuta mzima.) Jumamosi moja kukawa na onyesho la mchana huko mjini, Kimeu akaamka hana sauti, homa imemkaba koo, nami ndipo nikasema yale maneno yangu.

Akanivalisha gauni jeusi alilolishona kwa wiki tatu, akanifunga zipu ya mgongoni, akanivika wigi, akanipaka rangi ya mdomo.

"Usikimbie nalo," akaninong'oneza. "Na usijikune."

Jukwaani sikuwa mbaya, walipiga makofi, mama mmoja hata alifuta machozi. Taabu ilikuja baadaye, zipu ilipokataa kushuka, nikaona kuliko nilirarue gauni la watu ni heri nipande basi hivyo hivyo, Kimeu mwenyewe akanifungue. (Kondakta aliniita sista, akanitafutia kiti. Nilikaa.)

Nafika mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, namkuta mama wa Rasoa ameketi juu ya begi lake. Rasoa ndiye aliyekuwa mchumba wangu, na mama yake alikuwa ametoka Kakamega kuja kuona nyumba atakamoolewa binti yake, ila tulimtarajia Jumapili. Mimi alikuwa ameniona mara moja tu, kwa mbali, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawakai karibu, heshima yao ni huo umbali.

"Sasa wewe dada," akasema, akiutazama ule ufunguo, "hapa si kwa Shadrack?"

Nikisema Shadrack ni mimi, amemwona mkwe wake na gauni na rangi ya mdomo. Nikinyamaza, Shadrack ameweka mwanamke ndani, na Rasoa simwoni tena. Basi nikashusha kope, nikatoa ile sauti ya jukwaani: "Mimi ni dada yake, mama."

"Na Rasoa hakuniambia ana wifi mrefu hivi." Uso ukamfunguka, akainuka, akanikumbatia. Akanikumbatia kabisa, kifua kwa kifua, akanipigapiga mgongo pale pale penye zipu, nami nimesimama kama nguzo ya stima, nikijua kwamba kwetu jambo hili hata jina halina.

Mlango wa pili ukafunguka. "Shadrack," Kimeu akasema kwa sauti ya kukwaruza, "geuka nikutoe gauni langu."

Mama aliniachia kama aliyeshika sufuria ya moto, akajifunika kitambaa usoni, akanipa mgongo, akabeba begi lake akaenda zake. Ilichukua miezi mingi, wazee wawili na blanketi la kuomba radhi lililopelekwa kwa mkono wa mtu mwingine, ndipo nikampata Rasoa. Na hadi leo mama akija huuliza kwanza, akiwa nje, kama nipo na nimevaa nini. Tangu hapo namwigiza mtu mmoja tu, mimi mwenyewe, tena vibaya.

Lakini aliyenimaliza siku ile ni Kimeu, akiivuta ile zipu polepole huku nikimlilia kwamba gauni lake limeniharibia ndoa.

"Gauni halina kosa," akasema. "Ungesema ukweli ungekuwa mwanamume aliyevaa gauni, basi, hata mimi ni mmoja. Sasa wewe ni mwongo aliyemkumbatia mama mkwe."