Maji ya Kumwosha Mama

Kazi yangu ni kuosha vioo. Nikisema hivyo watu hucheka, maana sisi wa mji huu wa Kindu tulikulia madirisha ya mbao, na majengo ya vioo virefu yamekuja juzi tu pamoja na watu wenye jenereta. Wacheke. Mimi nasimama chini ya vioo hivyo na fimbo ndefu kuliko nyumba yangu, brashi iko juu, maji yanapanda ndani ya fimbo, na najua jambo ambalo wao hawalijui: kioo hakichafuliwi na vumbi peke yake. Kinachafuliwa na maji yenyewe. Maji ya kawaida yakikauka yanaacha madoa meupe, na tajiri akiona doa anasema hujaosha.

Ndiyo maana patroni, mwajiri wangu, alileta mashini. Yeye ni mfanyabiashara kutoka Kivu, ana duka, ana malori, na ndiye aliyepata mkataba wa yale majengo. Mashini inakaa juu ya kigari cha kusukuma. Ina pampu, betri na mitungi iliyosimama mstari mmoja. Maji tunayavuta mto Lualaba na kuyatia kwenye tangi, kwa sababu bomba la mji, nalo la mto ule ule, lina siku zake. Mtungi wa kwanza unakamata matope. Wa pili una makaa, unaondoa harufu. Unaofuata una utando mgumu. Maji yanasukumwa yaupenye, na yale yanayokataliwa yanatoka kwa mpira wa pembeni na kumwagika mtaroni. Wa mwisho una resini, punje ndogo zinazomeza chumvi iliyobaki. Halafu unachovya mita. Ikisoma sifuri, maji hayana kitu ndani, na kioo kitakauka bila doa.

Kuitunza ni kama kumuuguza mgonjwa mwenye maringo. Majira ya mvua mto unakuja mwekundu, chujio la matope linaziba kabla jua halijapanda. Nalitoa, nalisugua, nalirudisha. Utando haupendi kukauka. Jioni lazima niupitishie maji, niufunge, niuweke kivulini, la sivyo unaharibika na patroni ananiangalia kama mwizi. Na resini ikichoka inanuka samaki. Siku ya kwanza ilipochoka nilirudi nyumbani na harufu ile mikononi, mama akanisimamisha mlangoni.

"Enda unawe kwanza," akasema. "Unajua samaki haiingiake hapa."

Nilijua. Wakati wa vita, treni iliponyamaza na chumvi ikawa inauzwa kwa kijiko kama dawa, baba yangu, aliyekuwa mtu wa reli, alipanda mtumbwi na wenzake kwenda ng'ambo kutafuta mihogo. Watu wenye bunduki waliwangoja kule. Mmoja tu alirudi, na ndiye aliyetuambia kwamba wengine wametupwa mtoni. Hakuna aliyemwosha baba, hakuna aliyemvika sanda. Kwa sisi Waislamu hilo ni jeraha juu ya jeraha. Toka siku ile mama hakunywa tena maji ya Lualaba, hakuoga nayo, na samaki hakuingia chungu chake. Majirani walimtania kwamba amekuwa mzungu, mtu wa Kindu asiyekula samaki! Yeye akachukua bidoni yake, akateremka chemchemi ya bondeni. Aliteremka hivyo hata nywele zikawa nyeupe. Kisha watu wakajenga vyoo juu ya ile chemchemi, na mama miguu ikamkatalia.

Alipoanza kuugua ule ugonjwa wa mwisho, sanda yake ilikuwa tayari ndani ya sanduku, imekunjwa na ubani. Kilichomsumbua kilikuwa maji. Aliniita, akaniuliza habari za mashini.

"Inaondoaka yote yenye iko ndani?"

"Yote, mama. Mita inasoma sifuri."

"Lakini njo maji ya muto."

"Inatokaka muto, ndiyo. Lakini ikipita kule, haina kitu ya muto tena."

Akafikiri sana. Kisha akasema, "Basi ile njo munioshe nayo. Sitaki muto inipite mwilini."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitajaza bidoni nilete. Akanishika mkono. "Usiibe, mwanangu. Maji ya wizi haisafishe maiti. Umuombe mwenyewe."

Nilikwenda kwa patroni nikiwa na furaha, mjinga mimi. Kwetu maji hayanyimwi mtu. Hata adui yako akisimama mlangoni akaomba maji, unampa kwanza, matusi baadaye. Nilimkuta dukani, nikamweleza yote, mama, sanda, baba, mto. Alinisikiliza vizuri. Si mtu wa kelele. Alinivutia hata kiti.

"Muzee, pole," akasema. "Lakini ile mashini njo ya vioo. Haiko ya maiti. Resini inatokaka Goma na ndege. Nikifungulia wewe, kesho kartie muzima, mutaa yote, itasimama hapa na bidoni. Nitakatala nani?"

"Ni bidoni moja tu, patroni. Ni mama yangu."

"Sikatale kukusaidia. Ile yenye inamwangikaka mutaroni, chukua. Chukua hata mingi."

Akatabasamu, kama mtu aliyenipa mbuzi. Nami nikasema ndiyo, patroni. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wahenga walituachia methali hiyo, ladha ya ule mkono hawakuitaja. Njiani kurudi nilitukana kila kioo nilichokipita. Vyote nilikuwa nimeviosha mimi.

Nilipofika nilimwambia mama ukweli, na hasira zilinipanda mpaka nikasema nitaiacha hii kazi, kesho nitamtupia funguo zake. Mama alikuwa amelala, anatazama bati. Aliacha nimalize.

"Ile ya kumwangika, ndani iko nini?"

"Chumvi. Kutu. Vitu vya muto vyenye havionekane. Yote yenye mashini inakatala."

"Havionekane," akasema. "Basi ile njo yangu. Baba yako iko mule ndani. Ile ya sifuri ingenifanya nini, na haina mutu? Enda kwa kazi yako."

Mama mdogo, mdogo wake, aliyekuwa amekaa pembeni anampepea, akaanza kulia, akasema Mungu amempa dada yake hekima. Maneno hayo yakaenea. Hata leo nikikutana na wazee wa msikitini wananikumbusha: mama yako alisema neno kubwa. Mimi nawaitikia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale, na nilimwona usoni. Mtu aliyeukimbia mto miaka yote ile, asubuhi anataka maji yasiyo na mto, jioni anautaka mto wenyewe? Hapana. Aliona mwanawe anataka kuacha kazi inayowalisha wajukuu zake, akameza. Alinyimwa, akatafuta namna nzuri ya kukubali, ili mimi nisigombane na mtu. Hiyo mnaita hekima. Mimi naiita njaa yetu.

Alikufa alfajiri ya siku ya kazi. Na hapa ndipo nilipoijua ile zawadi ya patroni: mashini haitoi ya kumwagika mpaka itoe na ile safi. Ili mama yangu apate maji, lazima vioo vioshwe. Basi niliwaacha wanawake wakitandika, nikaenda kusukuma kigari. Mwenzangu wa kazi alishika fimbo, hakuniangalia. Nikafungua pampu. Maji ya sifuri yakapanda juu, ghorofa ya mwisho, yakateleza kwenye kioo kilichokuwa tayari kinang'aa. Nami nilichuchumaa mtaroni, nimeshika mpira wa pembeni, najaza bidoni ya mama.

Wanawake walimwosha nyuma ya pazia. Mimi mtoto wa kiume nilibaki nje, nikipitisha bidoni chini ya kitambaa, nikisikia maji yakiteremka kwenye kishimo walichochimba chini ya kitanda. Mama mdogo akasema kutoka ndani, "Iko safi hii maji." Tulimzika kabla ya adhuhuri.

Alasiri patroni alikuja matangani. Alikuja mwenyewe na pikapu, amevua kofia, na nyuma ya pikapu kulikuwa na maji ya chupa, katoni juu ya katoni, baridi, yametoka kwenye friji za duka lake. Yakagawiwa watu wote, wazee kwanza, hata watoto wa jirani wakapata chupa nzima nzima na kumwagiana vichwani. Watu wakaanza kusifu: huyu mkubwa ana moyo, si wa dini yetu wala wa huku kwetu, na tazama alivyotukumbuka kwa maji. Yeye akanitafuta kwa macho, akanijia na katoni ya mwisho, akaninyooshea. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikainuka, nikaipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa.

"Aksanti sana, patroni," nikasema.