Jirani aliyefunga duka langu mtandaoni

Leo nimelipiza kisasi, na sijutii hata kidogo.

Fundi wa nguo tunayepakana naye hapa Oyugis aliripoti kwenye ramani ya simu kwamba duka langu la kushona limefungwa kabisa. Bibi yake ndiye aliniambia. Wateja walikuwa wamepotea miezi.

Nikarekebisha hiyo ramani pole pole. Nikaweka picha za gauni, nikaomba kila mteja aandike maoni.

Asubuhi mama mmoja kutoka Sindo ameingia kwa huyo fundi, anatafuta nguo za harusi.

"Ni hapa kwa Akinyi? Ndiye anatokea wa kwanza kwenye simu."

Ikabidi amlete kwangu mwenyewe.

Saa sita fundi amerudi, sauti chini. "Akinyi, dada yangu, nionyeshe vile ulifanya."

Nimemwambia niko na kazi nyingi. Hajui nilivyofurahi.

Nyinyi mngemwonyesha?