Kadi ya Watu Watano

Abdala bin Shaibu alikuwa mtu wa mipango, na watu wa mipango wana taabu yao. Mwingine akitaka kwenda Ruangwa huvaa kofia yake akaenda. Yeye alianza siku mbili kabla: aliuliza kama mto una maji, nani anaumwa huko njiani asije akalazimika kupita kumjulia hali, na kama ni heri kurudi kabla ya jua kali au baada yake. Mkewe Fatu alikuwa amezoea. Alimwacha na mipango yake kama mtu anavyomwacha mwenzake na ugoro wake.

Alizaliwa Mandawa, akaoa Nkowe, na kwa desturi ya Wamwera wa siku zile akahamia ukweni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Abdala alijenga mahali alipoonyeshwa na kulima kipande alichokatiwa. Watoto wakazaliwa, Biasha, kisha Saburi, kisha huyu mchanga aliyekuwa bado mgongoni kwa mama yake, na wote watatu hawakuwa chini ya kauli yake. Kauli ilikuwa ya mjomba wao, Hasani, kaka yake Fatu. Mtoto akiugua, anaulizwa Hasani. Kwenda jandoni, Hasani. Binti akija kuposwa, Hasani. Abdala hakuona uonevu wowote, maana yeye naye alikuwa Hasani wa mahali pengine. Kule Mandawa dada yake Mwantumu alikuwa na watoto wawili, Sikuzani na Amiri, na hao hawakunyolewa hata nywele bila Abdala kupelekewa habari.

Wazungu wa karanga walipokuja Nachingwea kung'oa msitu, Abdala alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuandikwa kazi. Wenzake wengi walipewa shoka. Yeye, kwa sababu ya kuuliza uliza kwake, aliwekwa karakana, na katika mwaka wa pili alikuwa anachomelea vyuma vizuri kuliko waliomfundisha. Nyumbani Nkowe alirudi mwisho wa mwezi kwa baiskeli, macho mekundu kwa moto wa kuchomelea. Watoto walimkimbilia, wakala alichowaletea, wakalala. Alfajiri ya siku ya tatu yumo njiani tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa baba, siku moja na nusu kwa mwezi.

Mwaka wa 1951 mambo ya karanga yalikuwa yamekwisha haribika. Karanga zenyewe zilikuwa haba kuliko mashine za kuzivunia. Matrekta yalisimama kwenye nyasi safu kwa safu, na kila Jumamosi majina ya watu wa kupunguzwa yalibandikwa ukutani. Ndipo bwana mmoja wa karakana, mzee mwenye wajukuu huko kwao, alipopata wazo kwamba kabla kazi haijafungwa, Idi ile ifanywe siku ya watoto wa wafanyakazi. Vyuma vipo, mafundi wapo, uwanja upo. Abdala alipoitwa kutengeneza vitu vya kuchezea, alijiona kama aliyeitwa kujenga msikiti.

Vitu vyenyewe vilikuwa vitatu, na hapo ni kwa kuvihesabu kwa ukarimu. Cha kwanza bembea mbili za minyororo. Cha pili gurudumu kubwa la trekta lililolazwa juu ya mhimili, likapigiliwa viti vya mbao pembeni, watu wawili wenye nguvu wakilisukuma linazunguka. Cha tatu tela la kuvutwa na trekta kuuzunguka uwanja, basi. Lakini Abdala alivisimulia kule Nkowe mwezi wa Shaabani, akavisimulia tena Ramadhani, na vile vitatu vikazaa. Biasha, aliyekuwa na miaka tisa na akili ya kukumbuka kila neno, aliwaambia watoto wa jirani kwamba baba yake amejenga mji wa kuzunguka.

"Baba, tutapanda kipi kwanza?" aliuliza.

"Gurudumu," akasema Abdala, akachora mviringo chini kwa kijiti. "Kwanza gurudumu, tumbo likiwa tupu. Kisha bembea. Kisha tunakula. Tela la mwisho, maana tela halimtapishi mtu."

Alijua alichosema. Siku gurudumu lilipokamilika yeye ndiye aliyelijaribu, na alitapika mbele ya karakana nzima.

Kila mfanyakazi alipewa kadi. Kadi iliandikwa jina lake, na chini yake: watu watano, mwenye kadi akiwemo. Lori lingetoka Nachingwea usiku, lifike Ruangwa alfajiri ya siku ya pili ya Idi kuchukua familia za upande ule, na kuzirudisha alasiri. Karani aliyezigawa kadi alisema, "Mke na watoto." Wenzake Abdala waliitikia kwa kichwa wakaenda. Abdala alibaki amesimama na kadi yake, kwa sababu maneno yale yalimpa kazi ya wiki tatu.

Watoto gani? Akiwapeleka wa Nkowe peke yao, Mwantumu atasikia, na Mwantumu akisikia ukoo mzima utasikia: kaka yake ana machuma ya kuchezea, kawapakia watoto wa watu, wa kwao kawaacha. Akiwapeleka wa Mandawa peke yao, hakuna mtu duniani atakayemlaumu isipokuwa Biasha. Na hapo Abdala aligundua jambo lililomtia haya, mtu mzima kama yeye: lawama ya Biasha aliiogopa kuliko ya ukoo. Alitaka siku moja, moja tu kabla jina lake halijabandikwa ukutani, binti yake aketi juu ya kitu alichokitengeneza yeye, na yeye awe pale akimsukuma. Hakumwambia mtu. Mwanamume wa Mandawa hasemi maneno kama hayo, na wa Nkowe hasemi pia.

Basi akapanga. Wawili wa huku, wawili wa kule, na yeye wa tano. Fatu abaki na mchanga, Mwantumu abaki na mavuno. Fatu alinuna siku mbili, akaletewa kanga, akaacha. Mwantumu alikubali kabla sentensi haijaisha. Akabaki Hasani.

Mkono mtupu haulambwi. Abdala alikwenda na jogoo, akakaa mkekani, wakazungumza habari za ufuta na nguruwe pori mpaka adabu ikatosheka. Kisha akaeleza: lori, kadi, vitu vitatu, kurudi alasiri.

Hasani alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kupenda sala.

"Shemeji," akasema, "unajua habari ya Binti."

Abdala aliijua. Binti alikuwa dada mkubwa wa Fatu na Hasani. Mwanawe wa kwanza alichukuliwa na baba yake kwenda kwenye mashamba ya mkonge, safari ya mwezi mmoja tu, akashikwa na ndui huko. Nkowe walipata habari kaburi likiwa limekwisha ota nyasi.

"Naijua, shemeji."

"Watoto watakwenda," akasema Hasani. "Idi ni siku ya furaha. Watakwenda."

Abdala alishukuru mara tatu, akapanda baiskeli na kurudi kazini akiimba. Na hilo ndilo kosa lake, yeye aliyepangilia hata matumbo ya watoto. Miaka mitatu ya kukaa na mashine ilimsahaulisha kitu ambacho mtoto yeyote wa Nkowe angemwambia. Mjomba akisema watakwenda, hajasema watakwenda na nani.

Akapewa ruhusa siku ya Idi yenyewe. Siku ya pili, kabla ya mapambazuko, walikuwa barabarani Ruangwa, yeye na watoto wanne. Wale wa Mandawa walikuwa wamelala Nkowe. Biasha alivaa gauni jipya la maua, Saburi kanzu ndefu iliyonunuliwa kwa hesabu ya kukua. Umati ulikuwa mkubwa, kila baba na kundi lake. Lori likaja na taa zake, likasimama, na karani akashuka na orodha. Alikuwa kijana mgeni kutoka upande wa Masasi, Agapiti kwa jina. Watu aliwajua kwa karatasi tu.

Ndipo Hasani alipotokea katika mwanga wa taa. Amevaa kanzu ya Idi, kofia ya kufuma, mkononi mkoba wa ukindu wenye mihogo ya kuchemsha.

"Shemeji, umekuja kutuaga?" akauliza Abdala, ingawa moyo wake ulikuwa umekwisha elewa.

"Kuwaaga?" Hasani alishangaa kweli. "Nimekuja tuondoke. Niwaache watoto waende mbali bila mtu wa kwao? Baada ya yale ya Binti?"

Maneno "mtu wa kwao" aliyasema bila ubaya wowote. Abdala hakuweza hata kukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa pale kwa ajili hiyo hiyo: Sikuzani na Amiri wasingepanda lori lile bila mjomba wao. Kwa wale wawili alikuwa mtu wa kwao. Kwa Biasha na Saburi alikuwa baba.

"Kadi ni ya watu watano," akasema.

Hasani akahesabu kwa kidole, akapata sita. Akatazama chini. "Basi wangu watabaki, shemeji. Wako waende. Sitakulaumu."

Biasha alisikia. Hakulia, aliushika tu upindo wa gauni lake akaanza kuukunja na kuukunjua. Karani alikuwa akiita majina, na lori lilikuwa linajaa.

Katika maisha yake Abdala aliwahi kufanya jambo moja bila mpango, nalo ni hili. Alitoa kadi mfukoni akamtia Hasani mkononi.

"Panda nao wote wanne. Wangu wa Mandawa utawaangalia?"

"Kama wangu," akasema Hasani. "Lakini jina..."

"Leo wewe ni Abdala bin Shaibu. Kwanza gurudumu, kabla hawajala. Usisahau. Kabla hawajala."

Karani akaita jina. Hasani akasogea na watoto wanne, kadi mbele. Agapiti akasoma kadi, akamtazama Hasani, akaitazama tena kadi. Pengine ni urefu wake, pengine ile kanzu safi isiyo na alama hata moja ya karakana.

"Wewe ndiye Abdala bin Shaibu? Baba wa watoto hawa?"

Hasani alifungua mdomo. Alikuwa ametoka kufunga siku thelathini, na uongo haukutaka kupita. Akakohoa. Watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na orodha ndefu, akainama kwa yule mtoto aliyeonekana kuwa na akili kuliko wote.

"Mama, huyu ndiye baba yako?"

Biasha akageuka. Abdala alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, penye giza, na kwa muda alitamani mtoto asimwone. Alimwona. Abdala akamwitikia kwa kichwa: ndiyo, sema ndiyo.

"Ndiye," akasema Biasha.

Wakapandishwa. Lori likaondoka kuelekea Nachingwea, watoto wote wakipiga kelele, na Abdala akabaki na vumbi na baiskeli yake. Siku ile alishinda Ruangwa, maana bila kadi asingeingia uwanjani. Alimsaidia Mhindi wa duka kunyoosha bawaba za mlango, akasali adhuhuri, akala mkate. Kila saa alijiambia: sasa wako kwenye gurudumu, sasa bembea, sasa wanakula. Aliumia, lakini hakuna aliyemuuliza ana nini, kwa hiyo hakulazimika kusema.

Alasiri lori likarudi. Hasani alishuka wa kwanza, kanzu imechafuka mbele.

"Nililipanda," akasema, uso wa kijivu. "Ulisema kabla watoto hawajala. Mimi hukunitaja."

Walicheka mpaka wakashikana mabega, shemeji na shemeji. Kisha Hasani akatangulia na Saburi aliyelala begani, Sikuzani na Amiri wakifuata nyuma yake wakigombania mhogo wa mwisho.

Biasha akaketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na Abdala akaikokota taratibu kwenye mchanga. Mtoto alisimulia yote. Gurudumu alipanda mara tatu. Bembea ilipaa mpaka akaona mabati ya karakana. Kwenye tela mtoto mmoja alianguka akacheka. Kila kitu kilikuwa kizuri, kila kitu kilikuwa kikubwa kuliko alivyoambiwa, na Abdala alisikiliza kwa furaha ya kweli, akiuliza kama viti havikulegea.

Walipofika mahali njia inapoanza kupanda, Biasha akainama mbele. Akamshika baba yake shati mgongoni.

"Baba."

"Naam."

"Yule karani. Usinitume tena kusema vile."

Abdala aliendelea kukokota baiskeli. Kilima kilikuwa kirefu na mtoto alikuwa mzito kuliko mwezi uliopita. Alitaka kumweleza habari za mjomba, za kadi, za watu sita na nafasi tano, na yote yalikuwa ya haki.

"Sitakutuma," akasema.