Ufunguo wa Bushoni Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Mtoto wa dereva wangu alizaliwa akiwa amekwisha kufa, ndani ya pikapu yangu, kwenye barabara ya kutoka Kabimba kuja Kalemie. Esansi, petroli yetu, ilikuwamo ya kutosha. Injini haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni ufunguo wa bushoni, kile kifuniko cha tangi, na ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwangu. Wangeweza kukivunja. Mimi ndiye niliyekataza.

Kosa ni langu. Ninalisema hapa kwa sababu kule ninakopaswa kulisema sijalisema.

Nianze mwanzo. Dereva nitamwita Kalunga, si jina lake. Ananiletea samaki wakavu kutoka Kabimba tangu gari likiwa bado na rangi yake. Mkewe ni Mama Feza, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Bushoni iliyokuja na gari ilikuwa imechakaa, mpira wake wa ndani umekatika. Kila mara gari lilipopanda mlima esansi ilimwagika ubavuni. Kalunga aliniambia mara nyingi, "Papa, tubadilishe hii bushoni. Inatumwangia esansi bure." Mimi nilisikia jambo lingine. Nilisikia mtu anayetafuta kisingizio.

Wenye magari wenzangu wa hapa mnaijua desturi yetu. Shofere haaminiwi kwa tangi. Unajaza mwenyewe esansi ya kwenda na kurudi, unafunga bushoni ya kufuli, ufunguo unautia mfukoni, halafu unamwambia, "Mungu akutangulie." Anaondoka na gari lako, mzigo wako na roho za watu. Kifuniko tu ndicho humwachii.

Basi nikaenda sokoni kutafuta ya kufuli. Niliyoipata haikuwa ya aina ya gari langu. Muuzaji aliizungusha kwenye tangi, ikashika, akasema, "Papa, hii hata mwizi wa Lubumbashi ataiacha." Hilo ndilo nililotaka kusikia.

Safari ya kwanza gari lilizima mlimani, kabla halijatoka mjini. Nikafika na pikipiki, nikafungua bushoni. Tangi likavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua na mdomo. Kalunga akajaribu kuwasha, injini ikaitika hapohapo.

"Papa, umesikia?" aliniambia. "Tangi haipumue. Esansi inatoka, hewa haina pa kuingilia. Ile ya zamani ilikuwa na katundu. Tutoboe na hii, na musumari ya moto, kadogo tu."

Tulikuwa mbele ya wauza esansi ya bidoni, wale wa madumu, na watu walikuwa wengi. Nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie.

"Katundu ya nini, Kalunga? Ya kupitishia mupira, unyonye esansi yangu vizuri?"

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Papa, mwachilie. Mutoto ya watu iko na kiu." Kalunga naye alicheka kidogo, akitazama viatu vyake. Tangu hapo wakamwita Katundu. Sokoni hata mkewe aliitwa Mama Katundu. Nililijua hilo, na nilipokutana na mama huyo nami nikamwita hivyo.

Hakuniomba tena. Gari likizima njiani alikaa akasubiri hewa ijipenyeze polepole, akaliwasha, akaenda mpaka lizime tena. Alipochelewa nilimwita mvivu. Alijibu tu, "Ndiyo, Papa."

Siku yenyewe alikuwa Kabimba kupakia samaki. Mama Feza alikuwa huko kwa mama yake, mimba imefika wakati. Uchungu ukamshika, wakaambiwa kwenye kituo cha afya kwamba mtoto amelala vibaya, apelekwe Kalemie haraka. Gari lililokuwepo ni langu.

Lilizima kwenye kilima cha kwanza kirefu. Wakasubiri, likawaka, likazima tena. Ndipo akanipigia simu.

"Papa, niko na Mama Feza hapa ndani. Uchungu imemukamata vibaya. Gari inazima, ni ile hewa. Ninakuomba ruhusa nivunje bushoni."

Nilikuwa ninakula. Nilikuwa na tonge la bukari mkononi, na niliendelea kulifinyanga.

"Jana hewa, leo bibi," nikamwambia. "Kesho utasema mama mukwe wako ndiye ameziba tangi."

"Papa, musikie mwenyewe."

Akasogeza simu. Nilimsikia Mama Feza. Sauti ile haiigizwi. Mimi ni baba wa watoto, ninaijua.

"Gari yangu si ambilansi," nikasema. "Nikikuta bushoni imevunjika, ninakupeleka polisi kama mwizi. Usikie vizuri: kama mwizi."

Nikakata simu. Nikamaliza kula.

Walifika jua likizama. Kalunga alimwacha mkewe hospitalini, kisha akaniletea gari uani. Alisimama kando ya mlango, mikono imeshuka.

"Papa, bushoni iko nzima."

Nami, kabla sijauliza lolote, niliinama nikaishika, nikaitikisa. Ilikuwa nzima kweli. Ndipo nikauliza, "Na Mama Feza?"

"Mama iko. Mutoto hapana."

Kiti kilikuwa kimefunikwa kitenge. Nilimwambia akioshe kabla hakijashika harufu.

Msibani niliketi mbele, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, na mimi ndiye niliyeongoza sala. Tulipomaliza, mama mkwe wa Kalunga, ambaye hakuwamo garini siku ile, alisimama.

"Weye Kalunga, shofere muzima. Nyundo iko chini ya kiti, nimeiona na macho yangu. Ulishindwa kuvunja kifuniko kwa ajili ya bibi yako?"

"Papa alikataza," Kalunga akasema. "Nilimupigia. Nilimusikilizisha Mama Feza analia. Akasema nikivunja mimi ni mwizi."

Mama yule alinigeukia, akanitazama, kisha akamrudia.

"Usimusingizie muntu wa Mungu. Hakuna muntu anasikia mwanamuke analia vile halafu anasema maneno ile. Umeyatunga weye."

Watu wote wakanitazama. Nafasi ilikuwa pale, wazi. Neno moja lilitosha. Niliinamisha kichwa kama mtu ambaye bado anasali, nikakaa hivyo mpaka wakaanza kuzungumza mengine. Ndugu zake wakamchukua Mama Feza, wakarudi naye Kabimba.

Ninyi mlio na magari, nisikilizeni, ingawa mimi si wa kusikilizwa. Mpira wa bushoni ukikatika, ubadilisheni mapema. Bushoni yenyewe ikifa, nunueni iliyotengenezewa gari lenu, na muangalie kama inapumua. Mkifungua tangi likavuta hewa kwa nguvu, msimcheke anayewaeleza kwa nini. Na ukimpa mtu gari, watu na njia, mpe na ufunguo. Akikuibia esansi utanunua nyingine.

Mimi nimekwisha kuitoa ile ya kufuli, nikaweka ya gari hilihili. Ni kazi ya kuzungusha mkono. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi, na mshangao huo wenyewe ni adhabu.

Kalunga bado ananiendeshea. Watu huniuliza amevumiliaje, nami hujibu kwamba ni Mkristo mzuri. Ukweli ni kwamba ananihitaji. Wakwe zake wamesema hawatamrudishia mke mtu mwongo. Wanataka niyathibitishe maneno yake mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele yao. Ameniomba niende. Mara ya kwanza nilisema nina homa. Mara ya pili nilisema nina mkutano wa kanisa.

Wiki hii alirudi kutoka Kabimba, akasimama mlangoni. Nilimwambia aketi, hakuketi.

"Papa, Mama Feza hataki tena maneno mingi. Ametuma swali moja. Anauliza: ulimusikia akilia, ao hukumusikia?"

Nilimwambia apeleke mzigo sokoni kwanza, tutaongea akirudi.

Amekwisha kurudi. Yuko uani sasa hivi, ameegemea pikapu, anangoja.