Bendera Niliyoipandisha

Leta, yaani serikali, kijijini kwetu ilianza kazi saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa karani wa posti, ofisi ndogo ya Leta, huko Kivu Kusini, na kuliko mihuri yote nilipenda kupandisha bendera. Nikipuliza filimbi, kijiji kizima kilisimama. Mwanamke mwenye bidoni ya maji alisimama nayo kichwani, mwenye baiskeli alishuka, hata mlevi wa jana alivua kofia. Nilijiona mtu mkubwa, sifichi. Kwa watu wetu bendera ilikuwa na habari moja tu: ikiwa juu, Chefu wa posti yupo. Asubuhi isipopanda, kila mtu ajitafutie njia.

Jumatano moja tulisikia kwamba wenye silaha wamevuka mto. Alasiri Chefu akanipigia simu. Nilidhani yuko nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, lakini nilisikia honi za magari mengi, na kijijini gari lilikuwa moja tu, lake.

"Miye nashafika Uvira," alisema. "Kesho pandisha bendera kama kawaida."

"Chefu, batu bakiona bendera batabaki. Tubaambie bakimbie."

"Weye uko sekretere ao uko gavana? Ile ni ordre, ni amri. Batu baone kama Leta iko. Nitarudia na basoda."

Nilibishana naye mpaka akakata simu. Kubisha kwa mdomo hakukunigharimu kitu. Kabla jua halijazama nilimfungia mke wangu unga na vitenge viwili, nikamtoa na watoto kwa njia ya mashambani. Nilimwambia asiage mtu.

Kesho yake, saa moja na nusu, nilipuliza filimbi.

Jirani yangu Mwalimu Bahati alikuwa tayari njiani na mkewe, Mama Neema, wamebeba mizigo. Walisimama kama sheria inavyotaka. Bendera ilipofika juu, mwalimu akanitazama.

"Chefu iko?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi turudie," akamwambia mkewe. "Bendera iko yulu."

Wenye silaha walikuja saa nne.

Hawakupita barabarani. Walitokea nyuma ya shule.

Nililala kwenye mtaro wa shamba la migomba mpaka milio ikaisha. Mama Neema alikuwa ameenda mtoni. Aliporudi alimkuta mumewe mlangoni, ameshaufungua mzigo mmoja, amekufa. Wanajeshi wa Chefu hawakuja siku ile wala wiki ile.

Leo mimi na Mama Neema tunalima viwanja vinavyopakana hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Ananiita shemeji. Msimu uliopita tulivuna mahindi yake kwanza, ndipo yangu. Mara nyingi husema kwamba Chefu alitutupa sote, nami hukubali bila kuongeza neno. Nilikuwa nimepata nafuu hapo: tulidanganywa sote.

Mwezi uliopita macho yalimzidia, nikamsindikiza hospitali, Ruharo, mjini Mbarara. Tukiwa kwenye benchi la kusubiri, mwanamume mwenye koti zuri akanishika bega. Alikuwa Chefu. Mji aliokimbilia nao ulianguka, sasa amepanga nyumba Mbarara. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli.

"Sekretere wangu. Ile siku uliniokoa. Miye niko Uvira, nakupigia simu, na weye unanisikia. Gavana alituma mutu apite na piki aangalie kama posti inatumika. Akaona bendera. Bakaandika kama nilibaki ku kazi mpaka mwisho, njo banipatia fasi ingine mu mji."

Alisema hivyo kama mtu anayeshukuru kwa zawadi ya arusi, akaenda zake dirisha la dawa.

Kumbe ndiyo hiyo. Haikuwa ili watu waone Leta ipo. Ilikuwa ili mtu mmoja wa gavana aione. Bahati alikufa ili ripoti ya Chefu iwe safi. Nilipandwa na hasira, na ilikuwa hasira tamu, ya mtu asiye na kosa. Nikamgeukia Mama Neema ili tukasirike pamoja.

Hakuwa akimwangalia Chefu. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Kumbe ulijua kama hayuko," alisema taratibu.

Alisogea pembeni kidogo kwenye benchi.

"Na bibi yako? Alitoka siku gani?"

Ningeweza kudanganya. Hakukuwa na shahidi pale. Lakini nilichoka.

"Siku moja kabla ya ile bendera," nikasema.

Nilitaka kumwambia kwamba nilibishana. Nilitaka ajue kwamba haikuwa nia yangu, kwamba ilikuwa amri. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililomfikia mumewe pale barabarani. Amri ilitoka Uvira. Kichwa kilichoitikia ni changu.

Muuguzi alitokea mlangoni na faili lake. "Mama, wewe kuja huku."

Nilisimama nikanyoosha mkono, maana ngazi za pale hakuziona vizuri. Alishika ukuta, akaupapasa mpaka mlangoni, akaingia peke yake.