Ghala Lililonywewa Rubisi

Mpaka leo nikisikia mwalimu akiwakaririsha watoto "usipoziba ufa utajenga ukuta," damu inanichemka. Methali hiyo tunaijua sote. Ila jaribu kumwonyesha mtu ufa kwenye ukuta wake, uone utakavyoitwa.

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Bugene. Miaka ile baada ya vita saruji tuliisikia redioni tu, tukajengea udongo. Ndivyo tulivyojenga ghala la kahawa la kijiji kimoja upande wa Igurwa: tofali za kuchoma, udongo katikati, na ile saruji kidogo tuliyoipata tukaitia kwenye msingi na kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya mlango na madirisha. Ukuta wa namna hiyo unabeba paa bila wasiwasi. Kinachousukuma kutoka ubavuni ndicho usichoweza kukizuia, na hatukuujengea kazi hiyo, kwa sababu kahawa ilitakiwa kupangwa humo ndani ya magunia, mbali na ukuta.

Siku ya kukabidhi tulikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Pale kijijini, jengo likishanywewa rubisi limebarikiwa. Ukilitajia kasoro baada ya hapo unahesabiwa umelilaani, na likipatwa na jambo, jambo hilo ni lako. Nami nilikunywa, tena nikarudia kibuyu mara ya pili. Sikujua kwamba nilikuwa najifunga mdomo.

Msimu ulipofika, magunia hayakuwepo. Wakulima walikuja na kahawa yao ya maganda kwenye vikapu, na msimamizi wa ghala akaamua imwagwe tu sakafuni. Ikapanda. Mlango ukazibwa kwa mbao, kahawa ikaanza kumwagwa kupitia dirisha la nyuma. Kazi hiyo alipewa kibarua mmoja, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mpole, mwanakwaya. Sasa kahawa isiyo na gunia haitulii. Inataka kutambaa, na inaegemea ukuta kama ng'ombe wanavyoegemea ua wa zizi.

Yule kibarua ndiye aliyeona. Ukuta wa nyuma ulifanya tumbo, na chini ya dirisha ukatokea ufa wa kuingiza kidole. Akamwambia msimamizi. Akajibiwa mbele ya watu: "Wewe umekaribishwa nyumba ya watu, halafu unaanza kuhesabu nyufa? Unalitakia nini ghala letu?" Watu wakacheka. Akarudi dirishani, akaendelea kumwaga.

Siku nne baadaye, saa tano asubuhi, ukuta ulimwangukia mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa yake uani. Mguu wake ulikatwa.

Kikao kilichoitwa kilikuwa na swali moja tu: nani? Nani karoga, nani kachanganya udongo vibaya, nani kaiba saruji. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kitu gani kiliusukuma ukuta. Nilikuwa na sababu ya kutaka jibu hilo upesi, maana huko Kimuli, wakati ule bado tukiwa wilaya moja, tulikuwa tumemaliza ghala la pili kwa mchoro uleule. Na huko nako magunia hayakuwepo.

Baada ya kikao yule kibarua alinifuata nyumbani. "Fundi," akasema, "nitakueleza yote niliyoyaona. Jina langu tu usilitaje. Nina watoto, na shamba ninalolima nimepewa na hao hao."

Nikamwapia. Nikaiandikia ofisi iliyosimamia ujenzi barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, jinsi ukuta ulivyofanya tumbo na ufa ulivyoanza. Ukurasa wa pili, Kimuli: kahawa itolewe ukutani, zijengwe nguzo za kuegemeza ukuta kwa nje, watu wasikae upande wa nyuma. Jina la mtu sikuliandika. Nikajiona mjanja.

Wakubwa wa ofisi hiyo, badala ya kuisoma na kwenda Kimuli, waliibeba barua wakaja kuisoma kikaoni kwa sauti. Nilikaa pale nikasikiliza maneno yangu mwenyewe: "Aliyekuwa akimwaga kahawa dirishani aliuona ufa huo siku nne kabla." Kikao kizima kiligeuza shingo kumtazama mtu mmoja. Dirishani alikuwa nani mwingine? Nilificha jina nikaiacha kazi yake wazi. Mpumbavu mimi!

Nilisimama nikapiga kelele kwamba mtu huyu alimwambia msimamizi. Msimamizi akasema hakumbuki. Waliocheka siku ile nao hawakukumbuka. Ikaamuliwa kwamba aliyeona mapema ndiye aliyelitabiria mabaya ghala. Kibarua chake kilikwisha, shamba likarudishwa kwa wenyewe, na kabla ya mvua za kupandia maharage yule bwana alikuwa amehama na watoto wake. Hakuja kuniaga, na sikumlaumu. Ukurasa wa pili haukusomwa.

Nikachukua baiskeli, nikaenda Kimuli mwenyewe.

Kahawa ilikuwa imefika usawa wa dirisha, imelala kwenye ukuta wa nyuma, na nje ya ukuta huohuo akina mama walikuwa wamekaa kivulini wakichambua yao. Chini ya dirisha palikuwa na mstari mrefu wa udongo mbichi uliopakwa kwa vidole. Binti mmoja aliyekuwa akifagia karibu aliniamkia. Vidole vyake vilikuwa na udongo.

"Ufa huu umeanza lini?" nikamwuliza.

"Ufa gani, waitu?" akajibu kwa heshima zote, macho yake yakiwa chini.

Nilitaka kumfokea. Halafu nikaelewa kwamba habari za Igurwa zilikuwa zimenitangulia. Walikuwa wameshajifunza kwetu, tena walijifunza vizuri mno. Na somo lile nilikuwa nimelichangia kwa mkono wangu.

Nikavua koti. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kahawa hii imepata unyevu. Inataka kuanikwa leo hii."

Binti aliinua macho, akanitazama. Akaweka ufagio chini, akawaita wenzake. Kivuli cha ukuta kikaachwa kitupu papo hapo. Wengine walileta mikeka, wengine vikapu, mimi nikashika koleo. Mama mmoja aliichota kahawa kiganjani, akaisugua, ikalialia kwa ukavu. "Kweli ina maji hii," akasema, akajaza kikapu chake.

Jua lilipoinama, ukuta wa nyuma ulikuwa hauguswi na kitu. Tuliagana vizuri, tukatakiana heri. Hakuna aliyeuona ufa.